Kiti cha Pili Katika Karakana ya Mizani

Sogeeni. Hadithi hii ina kampuni na kodi ndani yake, lakini msikimbie. Ina watu pia.

Huko Tukuyu palikuwa na kampuni ya watu wawili, mume na mke, Ambakisye na Sekela. Walitengeneza mizani ya kupimia majani ya chai, katika chumba kimoja chenye viti viwili. Ambakisye akafariki. Sekela akafunga mlango mwaka mzima, akaomboleza. Kodi hakuifikiria. "Kampuni haikuingiza hata shilingi," alijiambia, "sasa watu wa kodi niwaambie nini?" Kumbe hata sifuri huandikwa kwenye fomu ikapelekwa.

Aliporudi kazini, chama cha wakulima kilimwahidi kazi ya kutengeneza mizani yao yote, mradi alete cheti cha kutodaiwa kodi kabla ya Ijumaa. Bila kazi ile, karakana ingekufa na jina la mumewe lingeshushwa mlangoni. Hilo ndilo lililomliza.

Majirani watatu wakasikia. Tusekile, mpika maandazi, hakujua kutupa karatasi. Lusajo, fundi simu, hakuwahi kushindwa na simu. Mzee Anyelwisye, mhasibu mstaafu, macho yalishachoka, ila fomu za kodi alizijua kwa kichwa.

Tusekile akaleta boksi. Siku ya matanga, waliofagia karakana walimpa makaratasi awashie jiko, naye akayaficha. Namba ya mlipakodi ilikuwa humo.

"Mwandiko wa marehemu ningeuwashiaje moto, dada?" alisema.

Lakini namba ya siri ya kuingilia kwenye mfumo wa kodi ilikuwa ikitumwa kwenye simu ya Ambakisye, na simu ilikuwa imezima kabisa. Laini ilikuwa hai, kwa sababu kila mwezi Sekela aliiwekea salio, hata yeye hajui kwa nini. Lusajo akakaa na simu hiyo siku mbili, wateja wake wakaenda kwingine. Ikawaka.

"Shikamoo mama. Imeamka. Picha zenu sikuzigusa."

Mzee Anyelwisye akaomba asomewe fomu mstari kwa mstari, akaelekeza pa kuandika sifuri. Hakuishia hapo. Alitunga barua ya kueleza msiba na kuomba faini ya kuchelewa isamehewe, akasimama nayo kwenye foleni kwa miguu yake mibovu.

"Sifuri yako ina sababu, binti yangu. Tuiseme."

Alhamisi faini ikasamehewa, cheti kikatoka.

Sekela akawapikia ndizi, wakala. Kisha akasema, "Sina cha kuwapa ila kiti hiki cha marehemu. Atakayekikalia tutafanya kazi pamoja, na jina lake litaandikwa kwenye kampuni karibu na langu."

Wote watatu walikitaka. Tusekile watoto wamehama, anakaanga maandazi akiongea na karai. Lusajo hushinda kibandani peke yake. Mzee tangu astaafu hakuna aliyemuuliza swali. Wakatazamana, kila mmoja akaona aibu kusema. Na mkono wa Sekela ulikuwa bado umeshika mgongo wa kile kiti.

Mimi nimeshindwa, nakiri. Angekosekana mmoja tu, cheti kisingepatikana. Na msiniambie waongeze viti, chumba chenyewe nimekiona, hakitoshi.

Je, wewe ungempa nani kiti cha Ambakisye? Au ungemwacha Sekela abaki nacho kikiwa kitupu?