Mfenesi wa Mize

Mfenesi haukatwi kwa ulimbo wake. Mliisikia jana sokoni, mkacheka, na sasa mwaniuliza imetoka wapi. Basi sogeeni, wajukuu zangu, maana methali hii ilianzia Mtambwe, Pemba, na ilianza kwa shoka.

Kisiwani kwetu huyu huweza kumiliki ardhi, na yule akamiliki mti uliosimama juu yake. Ndivyo walivyorithi watoto wa Mzee Shaame. Faki alipata kiwanja na mikarafuu. Dada yake Mize, mjane, akapata mfenesi mmoja tu, tena katikati ya uwanja wa Faki. Mize hakununa. Mafenesi aliyauza vipande vipande sokoni. Kokwa alizichemsha, wanawe wakashiba hata msimu wa njaa. Majani makavu aliyachoma, akawapaka majivu yake kwenye vidonda. Tawi likianguka, seremala alikuwa mlangoni kulinunua kabla halijakauka.

Lakini Faki alikuwa mtanashati, na ulimbo haumjui mtanashati. Kanzu zake zilinata, na wageni wake walinyanyuka na mkeka matakoni. Shindano la ngoma na watu wa kijiji cha Ole lilipokaribia, naye ndiye mpigaji mkuu wa msondo, aliapa kwamba safari hii hakuna mgeni atakayenata kwake. Mize alimsihi, akamkumbusha urithi wa baba yao. Faki akajibu kuwa mti ni wa Mize, lakini uchafu unaangukia kwake.

Asubuhi ya shindano Mize alisikia shoka. Alitoka mbio, roho juu, akakuta shina limeshajeruhiwa na ulimbo mweupe unatiririka. Akiwaza wanawe watakula nini, mara akatokea Makame, mpigaji mwenzake Faki, akihema. Msondo ulikuwa umeanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ubavu umepasuka, haulii tena. Na watu wa Ole walikuwa njiani, wanasikika wakiimba.

Shoka lilimponyoka Faki. Kijiji kizima hakikuwa na msondo mwingine, na aibu ya siku ile ingekuwa yake.

"Uleteni hapa," Mize akasema.

Msondo ulipoletwa, aliukinga ulimbo kwa kifuu palepale penye jeraha la mti, akaupasha moto ukalainika, akausiliba ndani ya ufa.

"Kaka, ubane ubavu huu. Usiuachie mpaka upoe."

"Nitanata, Mize."

"Nata."

Faki akabana, jasho likimtoka. Ulimbo ulipopoa, ukawa mgumu. Makame akaupiga msondo kofi moja, ukanguruma hata kuku wakaruka ukutani! Wakaubeba mbio hadi uwanja wa ngoma, wote watatu wakicheka kama watoto. Siku ile Faki alipiga ngoma kwa vidole vyenye ulimbo mpaka watu wa Ole wakaacha safu yao, wakaja kucheza yake. Mize alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Alasiri jirani mmoja aliketi chini ya mfenesi, akanyanyuka kanzu imechafuka. Alikasirika, akaliokota shoka na kumwambia Faki aimalize kazi aliyoianza.

Faki alimnyang'anya shoka lile, akamkabidhi dada yake mbele ya watu.

"Mwenye mti ni huyu," alisema. "Na mfenesi, bwana, haukatwi kwa ulimbo wake."