Udongo Mtamu wa Bondeni

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, mlango u wazi.

Nije na nini mkononi?

Njoo na kweli, hata kama inauma.

Basi tegeni masikio, wenzangu, maana hii haina kicheko kingi.

Hapo zamani za kale, zamani wanyama wakisema, palikuwa na mlima, na chini ya mlima palikuwa na bonde. Mlimani walikaa wenye makucha: Simba mfalme, Chui, na Fisi mhunzi. Bondeni walikaa wasio na makucha: Swala, Nyumbu, Twiga na Bi Ngiri.

Katikati ya bonde palikuwa na udongo mweupe wenye chumvichumvi. Karibu kila mama mwenye mimba alikwenda kuulamba. Mama zao waliulamba, na mama wa mama zao waliulamba. Walisema mimba bila udongo ni mchuzi bila chumvi.

Huko mlimani Fisi alivukuta mivukuto kutwa kucha. Aliyeyusha mawe mazito ya kijivu, akamfulia Simba njuga, akawafulia wake za Simba vikuku. Mawe yakiyeyuka huacha majivu, na majivu yakajaa hadi mlangoni pa Fisi.

Akayabeba, akayapeleka nyuma ya nyumba ya Simba. Simba akanguruma. "Si hapa. Wanangu hucheza hapa."

Akayabeba, akayapeleka pangoni kwa Chui. Chui alitoa makucha yake tu, akayatazama moja moja.

Akayabeba mara ya tatu, akatazama chini. Bondeni hapakuwa na wa kunguruma, wala hapakuwa na mwenye makucha ya kutoa. Akashuka.

"Majirani zangu," akasema, "nimeona mama zetu wanalamba udongo mkavu, roho ikaniuma. Nimewaletea cha kuutia ladha."

Akamwaga majivu juu ya udongo. Mvua ikanyesha, ikayachanganya. Wanyama wakaonja. Ulikuwa mtamu, jamani, mtamu wa kumfumbisha mzee macho. Wakampigia Fisi vigelegele, na kila alipoleta kapu jingine walimpisha njia.

Bi Ngiri alikuwa na mimba. Alilamba asubuhi, alilamba jioni, alilamba na katikati pia. Alipojifungua, alizaa watatu. Wa kwanza hakulia. Wa pili alilia mara moja. Wa tatu alilia, akanyonya, akaishi, na mama akamwita Kidawa.

Wale wawili akawazika. Fisi mwenyewe alishuka kumpa pole. Majirani nao wakaja, kila mmoja na bonge lake la udongo mtamu, ili mzazi apate nguvu.

Lakini Kidawa hakuchangamka. Miguu ilimtetemeka. Bi Ngiri akaanza kutazama watoto wa wenzake. Mtoto wa Swala alianguka bila kujikwaa. Mtoto wa Nyumbu alisahau njia ya kisimani. Ni mtoto wa Twiga tu aliyekuwa akirukaruka. Bi Ngiri akamtazama Twiga, akawaza. Twiga hula majani ya juu, na shingo yake haipendi kuinama. Twiga hajaulamba udongo wa Fisi hata mara moja.

Akamwendea Swala, akamweleza. Swala akacheka. "Shoga, umefiwa, sasa unatafuta mchawi. Kitu kitamu hivi ndicho kiue watoto?"

Bi Ngiri akapanda mlima kwenda kwa Simba. Mara ya kwanza aliambiwa mfalme amelala. Mara ya pili aliambiwa alete shahidi. Akambembeleza Swala, wakapanda pamoja, lakini mbele ya mfalme Swala akaingiwa na hofu, akasema udongo ni mtamu na Fisi ni mtu wa watu. Fisi akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba watoto wa ngiri ni dhaifu tangu asili, huenda ni kwa sababu wanalala mashimoni.

Mara ya tatu Bi Ngiri hakwenda kushtaki. Mke wa Fisi alikuwa mjamzito. Bi Ngiri akafunga bonge la udongo katika jani la mgomba, akaenda nalo hadi barazani kwa Simba, mbele ya wote, Fisi na mkewe wakiwapo. Moyoni alijiambia: mumewe asipompokonya, nitampokonya mimi, maana aliye tumboni hana kosa.

"Pokea, mama mwenzangu," akasema. "Ndio huu anaotugawia mumeo. Lamba upate nguvu."

Mke wa Fisi, kwa ile tamaa ya mimba, akafumbua kinywa. Fisi akaruka, akampiga mkono, bonge likaanguka chini.

"Usile hicho! Unataka kuniulia mwana?"

Baraza zima likamgeukia Fisi.

"Kumbe ulijua," Bi Ngiri akasema. "Ulikuja kunipa pole, na ulijua."

Simba akajikuna ndevu, akatoa hukumu. Fisi asimwage tena majivu bondeni. Kuanzia sasa ayapeleke bonde la pili, kwa sungura. Na yaliyokwisha kumwagwa?

"Yaliyomwagika yamemwagika. Asiyeutaka udongo huo ahame."

Akavaa njuga zake, akaondoka.

Wahamie wapi? Bonde la pili ndiko majivu yalikokuwa yakienda. Swala alilia njia nzima akiomba radhi, na bado, mimba nyingine ilipomjia, alionekana pale pale akilamba huku machozi yanamtoka.

Bi Ngiri hakulamba tena. Lakini utamu ule Kidawa aliunyonya tangu tumboni. Mama akapiga magoti, akaanza kufukua kwa pembe zake, atafute udongo safi chini ya ule mchafu. Akafukua shubiri moja, majivu yapo. Akafukua dhiraa, yapo. Mvua ilikuwa imemtangulia. Kidawa aliketi ukingoni mwa shimo, akimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Siku moja Kidawa hakuamka. Mama yake hakuacha kufukua.

Ndiyo maana hata leo ukimkuta ngiri utamwona amepiga magoti, pua ardhini, anafukua. Watu husema anatafuta mizizi.

Wenzangu, sumu huja na kapu la zawadi, na mtoa zawadi na aonje kwanza. Taka za mwenye makucha zikishuka kwa asiye na makucha, msiseme ni bahati mbaya. Itajeni kwa jina lake, dhuluma. Tena ulizeni mapema, ulizeni pamoja. Bi Ngiri aliuliza peke yake.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyechoka na akalale. Aliyesikia na akaangalie mwanawe analamba nini.