Nani Atwikwe Ngoma ya Siafu?

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika sirudii. Nimekuja na mzigo wa watu, wenyewe umewashinda na mimi umenishinda, sasa nataka nyinyi mnisaidie. Lakini kwanza muwajue wenye mzigo. Ni watu wanne.

Katika mji wa Mkumbulu, huko kwenye mashamba ya mkonge, kuna timu ya mpira inaitwa Siafu. Mwenyekiti wake ni Mzee Shekalaghe, mwenye duka la mabati na misumari. Mungu alimjalia sikio. Ukimwendea na shida yako, hata uwe umelewa chakari, atakuketisha, atakusikiliza mpaka mwisho, na akiweza kukusaidia atakusaidia.

Katibu ni Bi Zamoyoni, mwalimu mstaafu. Yeye alijaliwa kalamu. Miaka kumi na mmoja ameshika makaratasi ya Siafu, na haijatokea hata siku moja timu ikaadhibiwa kwa fomu iliyojazwa vibaya.

Kocha ni Mdoe, na Mdoe alijaliwa jicho. Anaweza kumwona mtoto sokoni anapiga ndimu teke akakwambia, huyu beki wa kushoto. Mnacheka? Haya, miaka sita baadaye nendeni uwanjani mkaangalie nani anacheza beki wa kushoto.

Wa nne hana cheo chochote. Ni Hoza, fundi viatu, na yeye alijaliwa mdomo. Hoza ndiye mpiga ngoma wa Siafu. Ameipiga miaka kumi na tisa, mvua na jua, na njumu za wachezaji anazishona bure. Mkewe, Mama Saumu, huwaambia wageni: "Siku Siafu wakicheza msimwulize mume wangu hata jina lake, halijui." Akianza kuimba Hoza, uwanja mzima unaimba. Akianza kuzomea, refa anatafuta njia ya kutokea.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Siafu wana majirani zao, timu ya Kware wa mji wa Kwasemgaya, na wazee wa pande zote mbili waliwekeana agano zamani. Timu ikishuka daraja, ngoma yake inakwenda kukaa kwa jirani mpaka timu ipande tena. Haipakiwi kwenye gari. Inatwikwa kichwani, kilomita tisa kwa miguu, na anayeibeba ni mtu mmoja tu, yule aliyeizamisha timu. Akishaitua huko, hakanyagi tena uwanja wa nyumbani mpaka ngoma irudi. Mara ya mwisho ngoma ya Siafu ilikaa kwa Kware miaka saba. Aliyeibeba alikufa katika mwaka wa tano, na siku za mechi alikuwa akikaa nyuma ya ukuta anasikiliza kelele za wenzake.

Na wa kumtaja huyo mtu ni mpiga ngoma. Ndivyo walivyokubaliana.

Basi msimu huu ulikuwa wa mikosi tangu mwanzo. Siafu wanafungwa nyumbani, wanafungwa ugenini. Kibanda cha Hoza kikageuka baraza. Mtu analeta kandambili moja ishonwe, anakaa masaa mawili anamsikiliza. "Wachezaji hawana kosa!" Hoza anasema, sindano mkononi. "Uongozi ndio unaotuua. Mwenyekiti hana msimamo, kila akiambiwa anaitikia. Katibu ameolewa na karatasi badala ya kusajili watu. Kocha naye anajiona anajua kuliko mpira wenyewe. Waondoke wote watatu!" Watu wanapiga makofi, na kandambili haijaguswa.

Alikuwa anawaonea? Hebu tuone.

Katikati ya msimu alipatikana mshambuliaji, kijana anaitwa Mbelwa, anafunga kwa miguu yote miwili. Fomu ikajazwa, picha ikabandikwa. Siku mbili kabla dirisha la usajili halijafungwa, Mbelwa akafiwa na babu yake, akanyolewa nywele kama wafiwa wanavyonyolewa kwao. Kwenye picha ana rasta mpaka mabegani, mbele ya meza ya Bi Zamoyoni kasimama mtu ana upara unang'aa. Na fomu ina mstari katibu anauwekea sahihi, kwamba picha inafanana na mchezaji.

"Mwanangu, kapige picha nyingine," akasema Bi Zamoyoni.

Mbelwa akakimbia studio. Umeme hakuna. Kesho yake hakuna. Ulipowaka, dirisha limeshafungwa. Timu nyingine, jamani, hupeleka hata picha ya kaka wa mchezaji na hakuna anayeuliza! Lakini Bi Zamoyoni hawezi kusaini jambo ambalo si kweli, na Siafu wakamaliza msimu hawana mfungaji.

Hata hivyo, walifika mechi ya mwisho wakiwa bado hai. Mechi yenyewe ni kwa Kware, kule Kwasemgaya, na Siafu wanahitaji sare tu. Sare, basi, wanabaki.

Mashabiki walitangulia kwa miguu, Hoza mbele na ngoma yake. Kufika kwenye geti la uwanja akaona ardhi imelowa. Maji ya kijivu, yana kama majivu ndani yake, yamemwagwa kutoka nguzo hadi nguzo, na mwanamke mmoja anaondoka na ndoo. 

"Wamemwaga!" akapiga ukelele. "Wamemwaga dawa hawa! Siafu msipite hapo!"

Akaipiga ngoma, na watu mia mbili wakaitikia: msipite, msipite. Basi la wachezaji likafika, wakachungulia dirishani, wakaona maji, na nyuso zikabadilika.

Mzee Shekalaghe akashuka. Yeye mambo hayo hayaamini, na alisema hivyo hivyo: "Mimi siyaamini haya. Lakini watu wangu wanayaamini, na wachezaji wakiingia na hofu tumekwisha kabla ya kipyenga." Akawasikiliza, kama alivyozoea. Akaamuru timu izunguke nyuma ikaruke ukuta.

Wakaruka mmoja mmoja. Kipa, Mntambo, aliangukia kipande cha tofali, kifundo cha mguu kikateguka. Kipa wa akiba alikuwa anatumikia kadi nyekundu. Mntambo akafungwa kitambaa, akasema anaweza, akaingia akichechemea.

Na kweli alijitahidi maskini. Dakika ya themanini bado ni bila kwa bila. Zimebaki kumi tu! Hapo ndipo jicho la Mdoe likafanya kazi yake. Aliona beki wa kushoto wa Kware ameshikwa na misuli, anavuta mguu, na hakuna mwingine aliyeona. Akamtoa beki mmoja, akaingiza winga mwenye mbio. Msaidizi wake akamshika mkono: "Kocha, sare inatutosha." Mdoe akajibu, "Kipa wangu ni mguu mmoja. Nikijilinda dakika kumi, wakipiga hata mpira wa mbali utamshinda. Dawa ni kuwafunga."

Na alikuwa amekaribia, msimcheke. Yule winga alipita mara mbili upande huo huo, mpira wa pili ukagonga mwamba. Lakini ulirudi uwanjani, Kware wakauwahi, wakakimbia nao pale pale alipokuwa anasimama beki aliyetolewa. Dakika ya themanini na nane. Shuti lenyewe la kawaida, juu kidogo. Mntambo mzima angelidaka kwa mkono mmoja. Alijaribu kuruka, mguu ukakataa.

Siafu wakashuka daraja. Hoza alirudi zile kilomita tisa hajapiga ngoma hata mara moja, na njiani kote alikuwa anatunga maneno ya kumtwika mwenyekiti.

Siku mbili baadaye alikwenda Kwasemgaya kununua ngozi. Akapita kwenye geti la uwanja, akamkuta yule mwanamke wa ndoo. Anauza mihogo ya kukaanga hapo. Hoza akamsogelea, na hasira zake zote.

"Mama, siku ile ya mechi ulimwaga nini hapa?"

"Maji ya masufuria, baba," mama akajibu. "Nasugulia majivu. Kila siku ya mechi namwaga hapa getini, vumbi lisitimke kwenye mihogo. Wateja wananilalamikia." Akamtazama. "Kwani yalikuchafua?"

Hoza hakununua ngozi. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, na Mama Saumu akamwambia polepole, "Funika kombe mwanaharamu apite, mume wangu. Wewe ndiye wa kutaja. Mtaje mwenyekiti kama ulivyosema siku zote, yaishe."  Hoza alikuwa anaiona miaka saba ya kukaa nyuma ya ukuta. Anavijua viatu tu na Siafu, hana kitu cha tatu.

Jumamosi asubuhi wakakutana kwenye chumba cha klabu. Ngoma iko katikati, imefungwa kitambaa. Wale watatu wakapewa nafasi ya kusema.

Bi Zamoyoni akasimama kama aliyeko darasani. "Mlinipa kalamu mkaniambia nisidanganye. Sikudanganya. Kama mlitaka mwongo mngemchagua."

Mdoe hakusimama. "Mpira uligonga mwamba. Ungeingia, leo mngekuwa mmenibeba mimi, siyo ngoma."

 Mzee Shekalaghe akasema, "Niliwasikiliza watu. Mkiniambia nilikosea kuwasikiliza, msimu ujao nimsikilize nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama Hoza. Yale maneno aliyoyatunga njiani yalikuwa tayari, yamekaa ulimini. Akainuka, akapiga moyo konde, akasema mengine.

"Yalikuwa maji ya kuoshea masufuria."

"Yapi?" akauliza mtu.

"Ya getini. Hapakuwa na dawa. Ni mama muuza mihogo anazuia vumbi. Mimi ndiye niliyeanza kupiga kelele. Sikuuliza, jamani. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na ndoo yake, na sikumwuliza." Na yule mwanamume, mwenye mdomo wa kumtoa refa uwanjani, akalia mbele za watu. "Msimu mzima nimewatukana hawa. Nisameheni."

 Mntambo, mguu umefungwa plasta, ndiye aliyesema kwanza. "Mzee Hoza, nakuheshimu. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Mshitakiwa hawezi kuwa hakimu. Usijitaje ukaonekana mwema, na usimtaje mwingine ukaonekana mwoga. Atutajie mtu wa nje."

Wakakubali. Wakaniita mimi, kwa kuwa si wa Siafu wala wa Kware, na wakanipa siku tatu. Siku ya tatu ndiyo leo.

Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Nikimtaja Bi Zamoyoni, nawaadhibu watu wote wasemao kweli, na timu ikose makaratasi. Lakini Mbelwa angekuwepo, mechi ya mwisho isingekuwa ya kufa na kupona. Nikimtaja Mzee Shekalaghe, nani tena atawasikiliza wale vijana? Ila amri ya ukuta ni yake, na mwenyewe alisema haamini. Nikimtaja Mdoe, ninaondoa jicho ambalo ndilo pekee linaloweza kutafuta timu ya kupandisha daraja. Lakini aliyemtoa beki ni yeye, na sare ilikuwa mkononi. Na Hoza? Wale watatu walikosea wakifanya kazi waliyopewa, yeye alikosea kwa kelele tu. Halafu tena ni yeye peke yake aliyekiri jambo ambalo hakuna mtu angelijua, na nikimwadhibu mwenye kukiri, keshokutwa nani atafungua mdomo Mkumbulu?

Msiniambie wabebe wote wanne. Agano linasema mmoja. Msiniambie ngoma ibaki, Kware wangekuwa wameshuka wao wangeileta ya kwao bila ubishi. Na yule mama wa mihogo mwacheni na mihogo yake.

Nilipita kibandani kwa Hoza nikija huku. Alikuwa ameifungua ngoma kitambaa, anaipaka mafuta ngozi yake kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari. Hakuniuliza nimeamua nini. Aliniuliza kama jua la kesho litakuwa kali, maana ngozi ikikauka njiani inapasuka.

Kesho saa nne Kware watakuwa wamejipanga njia panda wanangoja. Ngoma ni moja na kichwa ni kimoja. Haya, semeni nyinyi: tumtwike nani?