Mkeka wa Vilima Vyote

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakiwa bado wanaingia kanisani kwa miguu minne, kila kilima kilikuwa na kanisa lake na askofu wake. Hakuna aliyemwamrisha mwenzake. Lakini siku ya karamu ya mkate wote walikalia mkeka mmoja. Kila kilima kilisuka ukanda wake wa ukili, kwa rangi yake, na Pimbi, mdogo kuliko maaskofu wote, ndiye aliyezishona kanda hizo pamoja.

Mwaka huo Pimbi aliwabariki korongo wawili, madume wote, waliojenga kiota kimoja.

Siku ya karamu, Askofu Tembo akaja, puu, puu, puu.

"Pimbi, umewabariki hao bila kutuuliza?"

"Kilima ni changu, baba."

"Na mkeka ni wetu sote. Fumua ukanda wako. Hawakai hapa."

Korongo wakainuka, bawa kwa bawa. Pimbi akatabasamu, akatoa kisu.

"Sawa, baba. Ila nisifanye kazi mara mbili. Nani mwingine hapatani na mwenzake?"

"Nyati," akasema Askofu Kiboko. "Anabatiza wenye wake wanne."

Chwaa, ukanda wa Nyati ukatoka.

"Na yeye kampa mkewe upadri," akajibu Nyati.

Chwaa.

"Tembo je? Anapiga ngoma Kwaresima," wakasema wote wawili.

Chwaa.

Wakaendelea kushtakiana hivyo mpaka kila askofu akabaki na ukanda wake. Tembo akakalia wa kwake, mwembamba kama kiganja. Tako moja likamwagika kushoto, la pili kulia, na siafu wakaanza ibada.

"Pimbi, mwanangu," akanong'ona, "siafu hawa ni wa kilima gani?"

"Vilima vyote, baba. Wao hawajafumua kitu."

Tembo akautazama mkate mkononi mwake. Hakuwa na jirani wa kumpa.

"Shona," akasema.

"Na ukanda wangu?"

Tembo akawatazama korongo. Mmoja alikuwa akimfuta mwenzake machozi.

"Sikubaliani nawe, Pimbi. Hata kidogo."

"Najua, baba. Tutabishana tukiwa tumekaa."

Tembo akauokota ukanda wa Pimbi kwa mkonga wake mwenyewe, akaushikilia taratibu mpaka sindano ikafika mwisho. Kisha akaumega mkate, akawapa korongo kwanza.

Basi, wanangu, anayemfukuza kila asiyepatana naye atakula peke yake.