Joho la Shekue

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani ya juzi ambayo vumbi lake halijatulia, palikuwa na mjane aitwaye Mwanahawa. Marehemu mumewe, Shekue, alikuwa mpiga video wa harusi. Aliwapiga maharusi wa mji mzima, yeye hakupigwa na mtu, maana daima alikuwa nyuma ya kamera. Kilichobaki chake ni sauti tu, ndani ya kanda moja, akiwaelekeza watu wasogee, wacheke.

"Uso wake naukumbuka," Mwanahawa alizoea kusema. "Sauti ndiyo inayonitoroka. Kila nikiamka imepungua."

Kamera ilikuwa kuukuu. Kioo chake kimekufa, spika yake imekufa. Kanda ingesikika tu kwa kuiunga kamera na laptopu kwa waya wa kizamani, na tundu la waya ule lilikuwa kwenye laptopu ya Shekue, si nyingine mjini. Nayo laptopu haikuwaka tena. Mwanahawa akaweka nadhiri: "Atakayenirudishia sauti ya Shekue, nitampa joho lake la harusi."

Akaja Hemedi, fundi wa mtaa wa pili. Akaifungua laptopu, akaisafisha, akauondoa mfumo uliooza, akaweka mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kila pembe na kutolewa bure. Laptopu ikaamka. Mwanahawa akachomeka waya. Kimya.

"Mashine imekubali, Bi Hawa," Hemedi akasema, "ila mfumo haulitambui tundu hili. Unataka draiva, programu ndogo ya kuufundisha kuongea na kamera. Mimi sina."

"Mwanangu, umeniamshia mtu asiyesema?"

Akaja Salme, jirani. Laptopu haikutambua hata wifi, basi akaiunga na simu yake, akaenda kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule, akauliza.

Hemedi akacheka. "Unaomba msaada kwa watu usiowajua?"

"Wewe nakujua. Umetufikisha wapi?"

Akajibu mtu wa mbali, Wambura, wa mji wa kando ya ziwa: "Draiva hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa na laptopu kama hiyo, na baba yangu alikuwa kwenye kanda. Nilipomaliza kuiandika, kanda ilikuwa imeshaota ukungu. Ichukueni, iwafae."

Draiva ikaanza kushuka polepole. Ikawa imekaribia kuisha, simu ya Salme ikaita. Alikuwa mchumba wake, aliyeko Maskati, ambaye tajiri wake humruhusu kupiga mara chache mno. Salme akipokea, mtandao utakatika, na bando lililobaki halitoshi kuanza upya. Akalitazama jina kwenye kioo mpaka likazimika.

Hemedi akaiweka draiva. Mwanahawa akachomeka waya. Pakasikika vigelegele, kisha karibu sana, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti chake:

"Bibi harusi, inua uso kidogo. Hawa, toka kwenye picha, mke wangu. Au hapana. Kaa. Kaa hapo hapo."

Mwanahawa akakaa.

Baadaye Hemedi akasema, "Bi Hawa, nadhiri ni deni. Bila mashine kuamka, draiva ingewekwa wapi? Nami naoa baada ya mfungo, sina joho."

Salme akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnaitazama mashine isiyosema. Simu ile haijaita tena. Akirudi, nataka nimpokee na kitu mkononi. Asiporudi, nataka nijue simu ile niliiacha kwa ajili ya nini."

Wambura akaandika, "Mimi sidai. Nitumieni tu kipande cha sauti hiyo. Nataka kusikia mume wa mtu akiongea, kwa kuwa sauti ya baba yangu sikuiwahi."

Mwanahawa akalitoa joho sandukuni. Bado lilikuwa na harufu ya udi. Akalikunja, akalikunjua. Lilikuwa moja, na nadhiri yake ilimtaja mmoja.

Haya, nyinyi mliokaa kimya kunisikiliza: mmoja aliiamsha mashine, mmoja aliiacha simu ikaita mpaka ikakatika, mmoja aliandika kwa ajili ya baba ambaye hatamsikia kamwe. Lau joho lingekuwa mikononi mwenu, mngelimvika nani?