Sili wa Mfenesi

Kaeni vizuri, maana hekaya hii naijua kuliko hata aliyenisimulia. Katika mji wa Zumbarani alitawala Sultani Mundhiri bin Ghalibu, mwenye majumba mengi na subira kidogo, na asubuhi moja akatokewa na jini Zamhari, mfalme wa bahari ya barafu, pamoja na sili wake kumi, wanyama wa baridi, wanene kama magunia ya mchele, na jini akawamwaga katika birika la kasri, maji yakawa baridi kama barafu.

"Ewe Sultani," akasema jini, "nataka sili wa mti ambaye hawa watamkubali kuwa ndugu yao. Jua likitua sijampata, binti yako Raihani atakuja kunipikia kwenye barafu."

"Mimi hata uji naunguza, bwana," akasema Raihani.

Akaitwa Mbwarahaji, mchonga milango, kijana mwenye maneno mengi kuliko patasi zake.

"Maulana, hilo dogo. Nimechonga simba watatu na hakuna aliyelalamika."

"Simba wenyewe hawakuulizwa," akasema Raihani.

Sasa, mafundi wa Zumbarani huanza kila mnyama kwa masikio, wakamnong'oneza jina lake humo, ndipo wakaendelea. Basi Mbwarahaji akatwaa gogo la mfenesi, akachonga masikio marefu mazuri na miguu minne imara. Sili wakamtazama, wakapiga chafya, wakampa mgongo.

Jini akacheka mpaka theluji ikamdondoka ndevuni. "Umenichongea mbuzi aliyeshiba."

"Fundi," akasema Raihani, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha, "tangu asubuhi hujageuza shingo kuwatazama. Njoo."

Wakachutama ukingoni, wakaona maajabu: sili wale hawana ndewe za masikio, wana vitundu tu, wakizama hufumba pua kama mtu afumbavyo jicho, miguu ya nyuma imeelekea nyuma kama mkia, na nchi kavu hutambaa kwa tumbo, na ndevu zao huhisi njia aliyopita samaki.

"Na jina nimnong'oneze wapi?" akauliza fundi.

"Kwenye kitundu. Tena unong'one kidogo, kama unaweza."

Akakata yale masikio, moyo ukimuuma kana kwamba anakata yake, akatoboa vitundu na kunong'ona jina humo, akaunganisha miguu ya nyuma, akapaka mafuta ya nazi, akachomeka chelewa za ufagio zikawa ndevu. Jua likiwa limegusa ukuta, kitoto cha sili chenye manyoya meupe kikatambaa, kikanusa, kikajilaza ubavuni mwa sili wa mti na kukoroma. Mama yake akaja, akagusanisha pua na pua, naye akalala.

Jini akainamisha kichwa. "Hawa hawalali mbele ya mgeni." Akaacha kasha la lulu, akaondoka na wanyama wake, na sili wa mti kifuani kama mtoto.

Sultani akamuuliza fundi anataka nini, naye, kwa mara ya kwanza, akakosa neno, akamtazama Raihani tu.

"Nakubali," akasema binti, "lakini mahari yangu ni sili wangu mwenyewe, na umchonge nikikuangalia."

Zikapigwa ngoma siku saba, na Mbwarahaji akawa tajiri, tena akajifunza kutazama kabla ya kukata, nasi na tujifunze hivyo hivyo. Kunyamaza hakujifunza kamwe, na Raihani alisema kama angejifunza, angemrudisha kwao.