Mayai Yaliyonyamaza

"Mlango wa zamani huzibwa mgeni wa mwisho akishapita." Mmelisikia neno hili leo hapa ofisini, wanangu, na mnataka kujua limetoka wapi. Methali hii ilianza hapa hapa Mbeya, na mimi nilikuwepo.

Ambokile aliandika maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri za kompyuta zilizo tayari kutumiwa, ya kusoma joto la mashine za kutotolea vifaranga. Waandishi wengine wa programu waliichukua, wakajengea programu zao. Lakini amri zake zilikuwa zimerundikana: kazi moja ilikuwa na amri tatu, na ukirekebisha hii, ile inaharibika. Ambokile alikosa raha. Alikuwa anaanza kula, anaacha chakula, anarudi kwenye kompyuta.

"Nazifuta zote, nabakiza moja safi," alimwambia Sekela, mwenzake wa kazi.

"Na wanaozitumia?"

"Watabadilisha. Nimeshatangaza."

Akazifuta, akatoa toleo jipya.

Kesho yake Bi Tusekile, mfugaji wa kuku wa Tukuyu, akapiga simu. Mashine yake ilijipakulia toleo jipya, ikaita amri ya zamani, isiipate, hita ikazimika.

"Jana vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mayai," alisema. "Leo nayasikiliza, kimya."

Ambokile alikwenda. Akaokota yai moja, lilikuwa baridi kiganjani. Alishindwa kuendelea kulishika, akashindwa pia kuliweka chini.

Aliporudi alitaka kurudisha kila kitu kama zamani, asiguse tena. Sekela akamzuia.

"Vurugu ile nayo ingeua mayai siku nyingine. Amri mpya ibaki. Rudisha majina ya amri za zamani, ila yapeleke kazi kwa hiyo mpya, na yamwonye kila anayeyaita kwamba yataondoka."

"Nibebe mizigo miwili mpaka lini?"

"Mlango wa zamani huzibwa mgeni wa mwisho akishapita."

"Huyo wa mwisho ni nani?"

"Hatumjui. Tumtafute."

Wakapiga simu mji kwa mji. Mwaka mzima Ambokile alinung'unika, vidole vikimwasha kufuta. Wote walihama, akabaki Bi Tusekile peke yake. Mama huyo hakumwamini tena Ambokile, naye Ambokile hakuthubutu kumharakisha. Alimpigia tu kumsalimu: "Joto likoje, mama?"

Siku moja mama akapiga mwenyewe. Vifaranga walipiga kelele hata sauti yake ikawa haisikiki vizuri.

"Nimehamia kwenye hiyo yako mpya, mwanangu. Wametoka wazima. Haya, ziba."

Ndipo Ambokile akayafuta yale majina, na ofisi nzima ikaanza kusema: mlango wa zamani huzibwa mgeni wa mwisho akishapita.